Fungamano la Kiini na Kiunzi: Tatizo la Istilahi katika Elimu ya Seli

1. Utangulizi

Kuunda istilahi si kubadilisha neno kwa neno. Mwenye kuifanya kazi hiyo hana budi kwanza alijue jambo lenyewe: ni kitu gani, kinafanya nini, kinapakana na nini. Asipofanya hivyo ataunda neno linalopendeza masikioni lakini linalompotosha msomaji, na kosa la istilahi huishi miaka mingi kuliko mtu aliyelifanya.

Makala haya yanahusu jambo moja la elimu ya viumbe ambalo bado halina jina lililotulia katika Kiswahili, yaani yale makundi ya protini yanayokiunganisha kiini cha seli na mihimili inayoipa seli umbo lake. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni jambo jipya. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, hali jina la kitaalamu la makundi haya, yaani LINC, lilianza kutumiwa na wanasayansi mwaka 2006. Hatuwezi basi kuilaumu kamusi kwa kutolitaja. Pili, jambo hili linahusiana na maradhi ya misuli, ya moyo na ya masikio. Siku moja mganga atapaswa kumweleza mzazi kwa Kiswahili kwa nini mtoto wake hawezi kunyoosha viwiko. Siku hiyo istilahi haitakuwa tena suala la wanachuo peke yao.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, limeturithisha utaratibu unaofahamika. Istilahi hutafutwa kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Afrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Kwa njia hiyo tulipata ng'atuka kutoka Kizanaki na ngeli kutoka Kihaya. Tutaufuata utaratibu huo hapa, na tutaona kwamba safari hii hatukulazimika kwenda mbali.

2. Jambo lenyewe

Seli ya mnyama si mfuko wa maji uliotupiwa vitu ovyo ndani yake. Ina mihimili na kamba zilizosukwa kwa protini, nazo ni za aina tatu kubwa. Aina ya kwanza ni nyuzi za aktini, zenye unene wa nanomita 7 hivi (nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Aina ya pili ni nyuzi za kati, zenye unene wa nanomita 10 hivi, ambazo kazi yake kubwa ni kustahimili mvutano. Aina ya tatu ni mirija midogo yenye kipenyo cha nanomita 25 hivi, ambayo huwa njia za kusafirishia mizigo ndani ya seli. Zote pamoja huipa seli umbo, huiwezesha kujongea, na hupokea misukosuko inayotoka nje.

Katika mihimili hiyo kimekaa kiini, chenye kipenyo cha micromita 5 hadi 10 katika seli nyingi, nacho ndicho kinachohifadhi nyuzi za urithi. Kiini kimezungukwa na tando mbili, si mmoja. Baina ya tando hizo mna nafasi nyembamba ya nanomita 30 hadi 50. Chini ya utando wa ndani pametandazwa wavu mgumu wa protini ziitwazo lamini, nao ndio unaokipa kiini uimara wake.

Hapa ndipo swali linapozuka. Ikiwa mihimili iko nje na wavu wa lamini uko ndani, na kati yake kuna tando mbili na nafasi iliyo wazi, je, nguvu ya nje hukifikiaje kiini? Na kiini hukaaje mahali pake pasipo kuelea huku na huko?

Jawabu lilianza kupatikana kwa mnyoo mdogo wa udongoni aitwaye Caenorhabditis elegans, ambaye urefu wake ni kama milimita moja. Sehemu kubwa ya ngozi ya mnyoo huyu ni seli moja kubwa yenye viini vingi vilivyopangwa kwa nafasi zinazofaa. Jeni moja iitwayo anc-1 ikiharibika, viini hivyo huachana na mahali pake na kuelea kama maboya yaliyokatika kamba. Jeni nyingine, unc-84, ikiharibika, viini vya seli fulani hushindwa kusafiri kwenda mahali vinapotakiwa. Baadaye ilidhihirika kwamba protini zinazotokana na jeni hizo mbili zina ndugu zake katika nzi, katika panya na katika binadamu.

Protini za kundi la kwanza, ziitwazo SUN, zimepenya utando wa ndani. Upande mmoja zimeshika wavu wa lamini, na upande wa pili zimejitokeza katika nafasi iliyo baina ya tando. Protini za kundi la pili, zenye sehemu iitwayo KASH, zimepenya utando wa nje. Kichwa chake kiko nje na hushika mihimili ya seli, na mkia wake mfupi huingia katika nafasi ile ile. Humo ndimo makundi mawili yanapokutana. Uchunguzi wa maumbo uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba protini tatu za SUN hujisuka pamoja na kuipokea mikia mitatu ya KASH. Si uzi mmoja uliotoboa kuta mbili basi. Ni kama watu wawili waliosimama kila mmoja nyuma ya ukuta wake, wakashikana mikono katikati.

Kwa binadamu protini nyingi za kundi la pili huitwa nesprini. Kubwa kupita zote, nesprini 1, ni mnyororo wa asidi-amino zaidi ya 8,700. Nesprini 1 na 2 hushika nyuzi za aktini. Nesprini 3 hushika nyuzi za kati kwa kupitia protini nyingine. Nesprini 4 hushika protini ya uchukuzi inayotembea juu ya mirija midogo. Kwa hiyo kazi ya makundi haya haiwi moja: mahali pengine hukifunga kiini kisiondoke, na mahali pengine hukisogeza.

3. Mfano wa nyumba

Mwalimu anayefundisha jambo hili Songea hahitaji kutafuta mfano mbali. Na atoke nje ya darasa atazame nyumba inayoezekwa. Kuta za matofali ya kuchoma zimekwisha simama, na kenchi zimepandishwa juu. Fundi mzuri haridhiki kuzilaza kenchi juu ya ukuta na kuzipigilia misumari tu. Tangu alipokuwa akijenga kozi za juu alipitisha waya chini ya matofali, akaziacha ncha zake zikining'inia. Sasa anazikunja juu ya kenchi na kuzikaza. Mwenye nyumba akimwuliza waya huo ni wa nini, humjibu kwamba upepo unaotangulia mvua hauvunji kenchi wala haubomoi ukuta. Huondoa paa zima pale ambapo vitu hivyo viwili havikufungwa pamoja.

Katika mfano huu kenchi ni mihimili ya seli, ukuta ni wavu wa lamini, na waya ni makundi ya protini tunayoyazungumza. Mfano una upungufu, kwani waya ni kipande kimoja na makundi yetu ni vipande viwili vinavyoshikana, na tena paa halisogezwi kwa kusudi. Hata hivyo umetufaa kwa jambo kubwa. Umetuonyesha kwamba pana vitu vitatu vinavyohitaji majina matatu, na kwamba kile cha tatu, kilicho kidogo kuliko vyote, ndicho kinachovifanya vile viwili kuwa nyumba.

4. Istilahi za vitu vinavyopakana

Kabla ya kukipa jina kitu cha katikati imetupasa kuvitazama vile vya pembeni.

(a) Kiini. Neno hili limekwisha enea shuleni, nasi hatuna sababu ya kuliacha. Ni kweli kwamba lina kazi nyingi: kuna kiini cha yai, kiini cha mti, kiini cha atomu na kiini cha habari. Lakini maana zote hizo zina wazo moja la kitu cha ndani kinachobeba uzito wa jambo. Palipo na hofu ya kuchanganya, na paandikwe kiini cha seli.

(b) Kiunzi cha seli. Baadhi ya wafasiri wameiita ile mihimili "mifupa ya seli", kwa kulifuata jina la kigeni ambalo nalo limejengwa juu ya wazo la mifupa. Tafsiri hiyo haifai. Mfupa ni kitu kigumu kinachodumu umbo lake, hali nyuzi za aktini na mirija midogo hujengwa na kubomolewa kila wakati, mara nyingine kwa dakika chache tu. Kiunzi ni bora. Neno hili limetokana na kuunda, na limezoeleka katika kiunzi cha mifupa. Ni kweli kwamba wanariadha nao huruka viunzi, lakini hapana mtu atakayedhani kwamba seli inakimbia mbio hizo.

(c) Kiunzi cha kiini. Wavu wa lamini pamoja na protini zinazouambatia ni kiunzi cha upande wa ndani. Kwa kutumia neno lile lile kwa pande zote mbili tunamwonyesha msomaji kwamba vitu hivi ni vya jamii moja.

(d) Utando pacha. Tando mbili za kiini huitwa kwa Kiingereza kwa neno ambalo pia ni jina la karatasi ya kutilia barua. Kwa sababu hiyo tumewahi kusoma "bahasha ya kiini". Hapa mfasiri ametafsiri neno na kukiacha kitu. Bahasha ina tabaka moja, hufungwa kwa gundi, na huchanwa ili kilicho ndani kitolewe. Jambo muhimu katika kiini ni kwamba tando ni mbili na kwamba kuna nafasi kati yake. Utando pacha wa kiini hulisema hilo waziwazi.

5. Jina la kitu cha katikati

Maneno yaliyofikiriwa ni mengi, nayo yote yana haki ya kusikilizwa.

Daraja lina mvuto, maana linaunganisha ng'ambo mbili. Lakini daraja hupitiwa. Msomaji atakayeambiwa kuna madaraja kati ya kiini na sehemu nyingine za seli atadhani kwamba vitu huvuka juu yake. Vitu vinavyoingia na kutoka katika kiini hupita katika matundu maalumu ya utando pacha, nayo ni jambo jingine kabisa. Daraja basi lingeyachanganya mambo mawili ambayo wanasayansi wameyatenga.

Nanga inafaa kwa mnyoo wetu, ambaye viini vyake huelea jeni ya anc-1 ikiharibika. Lakini nanga huzuia tu. Haisogezi chombo. Tumekwisha ona kwamba makundi haya hukisogeza kiini pia, kwa hiyo nanga husema nusu ya habari.

Kiunganishi kimekwisha chukuliwa na wanasarufi. Kiungo kimechukuliwa na watu wengi mno: mganga, mpishi na mchezaji wa mpira.

Limebaki neno kano, na hapa mwandishi hana budi kukiri kosa lake. Kwa muda mrefu nililipenda neno hili kuliko yote. Kano huunganisha msuli na mfupa. Ni imara, hupitisha nguvu, huvuta na pia hushika. Nililitumia darasani nikaona wanafunzi wanaelewa upesi. Ndipo mwanafunzi mmoja akauliza kama kano hizo hukatika mtu anapokimbia. Nilicheka, lakini swali lake halikuwa la kuchekesha. Alikuwa amelipokea neno kwa maana yake iliyo hai, kama inavyompasa mtu mwenye kuijua lugha yake.

Swali hilo lilinikumbusha ugonjwa ulioelezwa mwaka 1966 na waganga Alan Emery na Fritz Dreifuss, ambao sasa huitwa kwa majina yao. Ni ugonjwa wa urithi, nao ni wa nadra. Dalili zake za mwanzo, aghalabu utotoni, ni kukakamaa na kufupika kwa kano za kisigino, pamoja na kukakamaa kwa viwiko na shingo. Baadaye misuli hudhoofika, na hatari iliyo kubwa zaidi huwa katika moyo, ambao mapigo yake huvurugika hata wagonjwa wengi wakahitaji kuwekewa kifaa cha kuyaongoza. Jeni ya kwanza ya ugonjwa huu ilijulikana mwaka 1994. Ni ya protini ya utando wa ndani iitwayo emerini. Mwaka 1999 ikajulikana kwamba jeni ya lamini pia huweza kuuleta, na mwaka 2007 hitilafu za jeni za nesprini zilitajwa kwa baadhi ya wagonjwa. Kwa maneno mengine, ugonjwa huu hutokea pale pale tunapotafuta jina.

Sasa na tumfikirie mganga wa hospitali yoyote ya Ruvuma akiwa na mzazi mbele yake. Akimwambia kwamba "kano za kiini cha seli zina hitilafu" na papo hapo kwamba "kano za kisigino zimefupika", mzazi atafahamu kwamba ni kano moja. Atauliza ni lini itanyooshwa. Atarudi nyumbani akimkanda mtoto kisigino kwa mafuta, na habari ya moyo, iliyokuwa ya haraka kuliko zote, itakuwa imempita. Neno zuri lililowekwa mahali pasipo pake limeziba sikio. Kwa sababu hiyo nimeliacha kano, si kwa kupenda.

6. Pendekezo

Kwanza na tuamue neno la kuyataja makundi ya protini kwa jumla. Mchanganyiko haufai, kwa kuwa katika kemia ni vitu vilivyowekwa pamoja pasipo kufungana. Changamano limezoeleka kama sifa, mathalani sentensi changamano na namba changamano, na wazo lake kubwa ni ugumu wa mambo yaliyoingiliana. Protini zetu haziitwi hivyo kwa kuwa ni ngumu kuelewa. Zinaitwa hivyo kwa kuwa zimeshikana na kufanya kazi kama kitu kimoja.

Wazo hilo Kiswahili kinalo katika fungamana. Wananchi wamelizoea tangu siku za nchi zisizofungamana na upande wowote, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa maana yake: kila upande umefungwa kwa mwenzake. Tunapendekeza basi fungamano la protini kwa kila kundi la protini zilizoshikana hivyo.

Na makundi yaliyo maudhui ya makala haya yaitwe kwa ukamilifu fungamano la kiunzi cha kiini na kiunzi cha seli, na kwa kifupi fungamano la kiini na kiunzi. Jina hili si la kishairi. Lakini halidanganyi: haliahidi kwamba kuna kinachovuka, halisemi kwamba kiini kimezuiwa tu, wala haliazimi kiungo cha mwili kitakachomchanganya mgonjwa. Mganga aweza kumwambia mzazi: "Ndani ya kila seli kuna kiini, na kiini hicho kimefungwa kwenye kiunzi cha seli. Kwa mtoto wako fungamano hilo ni dhaifu, na misuli na moyo, ambavyo huvutwa kila wakati, ndivyo vinavyoumia kwanza." Sentensi hizo zaeleweka Songea, zaeleweka Unguja, na zaeleweka Kisangani.

7. Tahadhari kwa wafasiri

Majina ya protini zenyewe yasitafsiriwe. SUN si jua. Ni herufi zilizotolewa katika majina ya protini mbili, Sad1 ya hamira na UNC-84 ya mnyoo. Na UNC nayo ni kifupisho cha neno la Kiingereza linalotaja mwendo usioratibika wa minyoo yenye hitilafu. KASH kadhalika haina uhusiano na fedha taslimu. Herufi zake zinataja jeni ya nzi iitwayo Klarsicht, ambalo ni neno la Kijerumani lenye maana ya kuona wazi, kisha ANC-1 ya mnyoo, na Syne, jina jingine la nesprini. Mfasiri atakayeandika "protini za jua" atawafanya wasomaji watafute uhusiano wa seli na mwangaza ambao haupo.

Alama LINC nayo ibaki kama ilivyo katika maandishi ya kitaalamu, kama zinavyobaki alama za kemia, lakini ifuatane na jina la Kiswahili inapotajwa mara ya kwanza. Kwa Kiingereza alama hiyo inalingana kwa sauti na neno lenye maana ya kuunganisha. Mchezo huo wa maneno hauwezi kuhamishwa, wala hauna haja ya kuhamishwa.

Majina yaliyo ya jumla, kama nesprini, lamini, emerini na aktini, yaandikwe kwa matamshi ya Kiswahili na yachukue upatanisho wa protini: nesprini hii, nesprini hizi.

8. Muhtasari wa istilahi

Kiini (cha seli): sehemu ya seli inayohifadhi nyuzi za urithi.
Utando pacha wa kiini: tando mbili zinazokizunguka kiini, pamoja na nafasi iliyo baina yake.
Kiunzi cha seli: nyuzi za aktini, nyuzi za kati na mirija midogo kwa jumla.
Kiunzi cha kiini: wavu wa lamini na protini zinazouambatia, chini ya utando wa ndani.
Fungamano la protini: protini mbili au zaidi zilizoshikana na kufanya kazi kama kitu kimoja.
Fungamano la kiini na kiunzi: fungamano la protini za SUN na za KASH linaloviunganisha viunzi viwili kupitia utando pacha.
Nesprini: protini yenye sehemu ya KASH inayoshika kiunzi cha seli kwa upande wa nje.

9. Tamati

Shule zetu za sekondari bado hufundisha sayansi kwa Kiingereza, na wako watakaouliza istilahi hizi ni za nini. Jawabu ni kwamba mwanafunzi huyo huyo, akisha kuwa mganga, hatazungumza Kiingereza na mzazi wa Namtumbo au wa Mbinga. Atazungumza Kiswahili, kiwe tayari au kisiwe tayari. Kisipokuwa tayari ataunda neno papo hapo, kwa haraka, mbele ya mtu mwenye hofu, na huo si wakati mwema wa kuunda istilahi.

Mapendekezo haya si amri. Walimu na wayajaribu madarasani, wafasiri katika maandishi yao, na wanaolipinga neno fungamano walete lililo bora pamoja na sababu zake. Nami nitakuwa wa kwanza kuliacha, kama nilivyoliacha kano, iwapo mwanafunzi mwingine atauliza swali linaloonyesha kwamba nimekosea tena.